Komwe Moja kwa Kila Kichwa: Nani Anahesabiwa Kwenye Makumbusho ya Bagamoyo?

ZUHURA: Asalaam aleykum wasikilizaji, na wengine wote habari za saa hizi. Leo tuko Bagamoyo, Mji Mkongwe, kwenye baraza moja ya Mtaa wa India, kwa hiyo mkisikia bodaboda zinapita mtusamehe. Mimi ni Zuhura, na huyu ni mdogo wangu Omari, ambaye leo kaja na daftari kwapani kama karani wa mirathi.

OMARI: Shikamoo Da Zuhura.

ZUHURA: Marahaba. Haya, lifunue.

OMARI: Hili daftari la wageni si la makumbusho yoyote, nimelipiga mistari mwenyewe kwa kufuata nilichokiona sehemu nyingi. Tarehe, jina, unakotoka, namba ya simu, maoni. Sasa tazama hapo kwenye maoni. Wa kwanza kaandika "Nimejifunza mengi." Wa pili "Nimejifunza mengi." Wa tatu kaweka vile vialama viwili vya kama-hapo-juu. Wa nne vialama. Mpaka chini ya ukurasa.

ZUHURA: [Anacheka] Hata mimi nishafanya. Nyuma yako foleni, mwongoza wageni keshaanza kutembea, kalamu yenyewe imefungwa uzi mfupi. Utaandika insha?

OMARI: Sikulaumu. Ila ukurasa huo mwisho wa mwaka unageuka ripoti: wageni wameridhika.

ZUHURA: Na wanafunzi je? Mwalimu anakuja na watoto themanini na ushei, anajaza mstari mmoja tu, jina la shule na idadi pembeni. Nyuma yake wanaingia Wajerumani wawili, kila mtu na mstari wake. Anayehesabu mistari anaona Wajerumani wameizidi shule nzima!

OMARI: Na hiyo namba ya simu inakaa wazi hapo, anayekuja nyuma aisome. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sidhani kama madaftari ya mlangoni yamepata habari.

ZUHURA: Mimi mwenzio nimewahi kuwa upande wa pili. Nilikuwa mwanafunzi, nikapata kibarua cha kujazisha madodoso kwenye makumbusho moja, jina nalihifadhi. Maswali yaliandikwa kwa Kiingereza. Tukaambiwa tuyafasiri papo hapo, kila mtu kivyake. Kulikuwa na swali kuhusu maelezo ya maonyesho, yale maandishi ya ukutani yanayokueleza hiki ni nini na kilitumikaje. Mimi neno lile la Kiingereza, "interpretation," nikalisoma "ukalimani." Namuuliza mzee wa watu, "Umeuonaje ukalimani?" Akaniangalia weee, akasema yeye hakuletewa mkalimani, na wala hakumhitaji.

OMARI: Ukaandika nini?

ZUHURA: "Hajaridhika." [Wanacheka] Wallahi. Na mwongoza wageni kasimama pale pale anasikiliza, kwa hiyo ukimuuliza mtu kuhusu huduma, utasikia "nzuri sana, nzuri sana." Nani atamsema mtu usoni mwake? Tulipomaliza, karatasi zikafungwa kwenye boksi. Hatujaambiwa mpaka leo zilisema nini. Hata wale wafanyakazi wa pale, ambao ndio walikuwa wanataka kujua, hawakurudishiwa kitu. Hilo ndilo lililoniuma.

OMARI: Lakini Da Zuhura, tusijione sisi tu. Marekani, nchi yenye takwimu za kila kitu, kwa miaka walikuwa wanasema wana makumbusho kama 17,500. Mwaka 2014 taasisi yao ya serikali inayohusika na makumbusho na maktaba ikakusanya orodha upya, ikaoanisha na kumbukumbu za kodi na za waliowahi kuomba ruzuku. Yakatoka zaidi ya 35,000.

ZUHURA: Mara mbili!

OMARI: Mara mbili. Na hayakuota usiku mmoja kama uyoga. Mengi yalikuwepo, madogo madogo, ya vijijini, ya vyama vya historia. Uingereza nako, watafiti wa Chuo cha Birkbeck walikaa wakafuatilia makumbusho yaliyokuwepo tangu 1960, yaliyofunguliwa na yaliyofungwa, wakapata zaidi ya 4,000.

ZUHURA: Sasa mtu atauliza, mkishajua idadi ndiyo iwe nini?

OMARI: Kumbuka Korona. Mwaka 2020 UNESCO ilikadiria dunia ina makumbusho kama 95,000, na kwamba karibu asilimia 90 yalifunga milango. Msaada ukitoka wakati kama ule, unakwenda kwa anayejulikana. Yule wa chumba kimoja asiye kwenye orodha yoyote atamwandikia nani?

ZUHURA: Hapo umenena. Sasa turudi nyumbani. Hapa Bagamoyo pekee una makumbusho ya Misheni ya Kikatoliki, mapadre wenyewe walifika mwaka 1868. Una Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara. Una Boma la Mjerumani, una magofu ya Kaole. Wenyewe mbalimbali, madaftari mbalimbali. Mgeni mmoja akizunguka kote kwa siku moja, anasaini kila mlango. Ni mtu mmoja au ni watu wanne?

OMARI: Na Kaole ndiko kunakonitatiza zaidi. Kuna watu wanakwenda kwenye kaburi la Sharifa, wanaomba dua, wanaacha sadaka, wanarudi zao. Wao hawajaja kuangalia magofu. Kwenye fomu ya "mtalii wa ndani, mtalii wa nje" utamweka wapi?

ZUHURA: Humweki. Na huenda yeye ndiye mwenye haja na pale mahali kuliko sisi wote tunaopiga picha.

OMARI: Ndiyo maana mimi nasema swali kubwa haliko mlangoni. Karani wa sensa mwaka 2022 hakukaa ofisini akisubiri watu waje kuhesabiwa. Alipita nyumba kwa nyumba mpaka tukajijua tuko 61,741,120. Makumbusho yanamhoji aliyekwisha kuja, basi. Wiki iliyopita nikashuka pale soko la samaki.

ZUHURA: Na dodoso?

OMARI: Mikono mitupu. Ukienda na karatasi watakuuliza kama unaandikisha mkopo. Sikuuliza "unapenda makumbusho?" maana kila mtu atasema anapenda. Niliuliza, "Mara ya mwisho ulipopata mgeni wa kutoka bara, ulimpeleka wapi?" Mama mmoja anayekaanga samaki akafikiri, akasema ufukweni, kisha akampeleka kwa ndugu zake Magomeni. Nikamuuliza mbona hukumpeleka Misheni, ni hapo tu? Akasema yeye akienda kule lazima avae vizuri, halafu ataulizwa anatafuta nani.

ZUHURA: Hakutaja kiingilio?

OMARI: Hakutaja kabisa. Mimi nilikwenda nikiwa nimeshajijibu kuwa ni hela. Sasa mama mmoja si utafiti, hilo nalijua, lakini amenifanya nitafute swali jingine.

ZUHURA: Na kuna utafiti usiouliza kitu, wa kutazama tu. Bwana mmoja wa Boston, Benjamin Ives Gilman, mwaka 1916 alichapisha picha za mtu anayeinama na kuchuchumaa ili asome vibao vya kwenye makabati. Hakumuuliza kama ameridhika. Mgongo ulishajibu.

OMARI: Hiyo hata hapa tungeifanya kesho. Keti pembeni, tazama watu wanasimama wapi. Wengi tunawaanzia na Livingstone, kwamba maiti yake ilipita hapa Februari 1874. Mimi nimeona watoto wanachangamka ukifika kwa Chuma na Susi, watumishi wake, waliombeba kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Wanauliza, hakunuka?

ZUHURA: Swali halali! Na hamna safu ya kuliandika. [Kimya kidogo] Mimi daftari lako silikatai, ila nina yangu. Mikebe mitatu mlangoni na bakuli la komwe, zile zile za bao. Mkebe wa mwenyeji, mkebe wa mgeni, mkebe wa aliyekuja kwa dua. Ukiingia unatia komwe moja, asiyejua kusoma anatia, mtoto wa shule anatia. Jioni unamwaga mkekani, unahesabu.

OMARI: Mwenyeji aliyekuja kwa dua?

ZUHURA: Atatia komwe mbili.

OMARI: Basi utakuwa umehesabu komwe, Da Zuhura, hujahesabu watu.

ZUHURA: Ala! Lete basi mkebe wa nne.