Popo wa Coimbra: maktaba ya miaka 300 na walinzi wake wa usiku

Asalaam alaykum na hamjambo nyote, mlio Mombasa, Tanga, Unguja, Goma, Bujumbura, popote mnaponitazama. Leo niko Coimbra, mji wa chuo katikati ya Ureno, juu kabisa ya kilima. Huu uwanja mpana mnaouona ulikuwa wa jumba la wafalme, na tangu 1537 ni uwanja wa chuo kikuu. Chuo chenyewe ni kikongwe zaidi ya hapo: kilianzishwa Lisbon mwaka 1290 na mfalme Dinis, kikawa kinahamahama kati ya miji hii miwili hadi kilipotulia hapa. Ule mnara wenye saa una kengele ambayo wanafunzi waliibandika jina la Mbuzi, na bado wanaiita hivyo. Sasa ngoja niwageuzie kamera. Mnauona ule mlango wenye nguzo za mawe pande mbili na ngao ya mfalme juu? Hapo ndipo Maktaba ya Joanina.

Nimeshaingia na kutoka. Ndani sikurekodi, kwa hiyo nitawasimulia kwa mdomo, nanyi mtaniazima masikio.

Mkitafuta picha za maktaba nzuri za vyuo vikuu duniani, hii haikosi kuwemo, na picha zote huonyesha dhahabu. Ni kweli, dhahabu ipo, na nitaifikia. Lakini kilichonishika mimi ni ukuta, mbao na popo. Ndiyo, popo. Humu ndani wanaishi popo, na hakuna anayewafukuza.

Kwanza jengo lenyewe. Lilijengwa kati ya 1717 na 1728 kwa amri ya mfalme João wa Tano, ndiyo maana likaitwa Joanina. Ukiingia unakuta kumbi tatu zinazofuatana kwa mstari mmoja, na kati ya ukumbi na ukumbi kuna tao kubwa lililopambwa. Kabati za vitabu zimepanda ukutani kwa ghorofa mbili, na ile ya juu ina roshani yake ya kupitia. Ubao umepakwa laka, kijani mahali, nyekundu mahali, nyeusi mahali, na juu ya rangi fundi Manuel da Silva akachora kwa dhahabu vijumba, ndege na watu kwa mtindo wa Kichina, ambao ndio uliokuwa ukipendwa Ulaya zama hizo. Dari imechorwa na António Simões Ribeiro na mwenzake Vicente Nunes, ukiitazama kutoka chini unadhani ukuta unaendelea kupanda hadi mawinguni. Na mwisho kabisa wa ukumbi wa tatu, mahali ambapo kanisani ungekuta altare, imetundikwa picha ya mfalme. Mtu akiingia tu, macho yanakwenda kwake moja kwa moja. Alitaka ajulikane nani kalipa.

Mimi kilichonifurahisha ni ngazi. Huzioni. Kati ya kabati na kabati kuna uwazi mwembamba, ngazi imesukumwa humo ndani kama sehemu ya samani. Anayetaka kitabu cha juu anaivuta, anapanda, akimaliza anairudisha. Fundi aliyewaza hilo alikuwa amekaa na kufikiri mtu anasomaje, si mtu anatazamaje tu.

Haya, dhahabu. Mnajua pesa zilitoka wapi? Brazili. Mwishoni mwa miaka ya 1600 dhahabu iligunduliwa Minas Gerais, na mfalme wa Ureno akawa anachukua sehemu moja katika kila sehemu tano. Waliochimba ni Waafrika waliotiwa utumwani, wengi wao wametolewa Angola na pwani ya Afrika Magharibi. Mlinzi wa ukumbi hatakueleza hayo kwa lugha hii, nami siwezi kuwaonyesha ukumbi ule bila kuyasema. Nilisimama mbele ya picha ya mfalme, nikawa nawafikiria wale waliokuwa wamesimama ndani ya mto na karai mkononi. Jina la mfalme limebaki kwenye maktaba. Yao hayapo.

Na sisi wa Mombasa tuna hesabu yetu na mfalme huyuhuyu. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ilikuwa imeshachukuliwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu. Sasa sikilizeni miaka hii. Mwaka 1728, maktaba ilipokamilika hapa, ndio mwaka ambao askari wa João wa Tano waliirudia ngome yetu. Hawakudumu. Mwaka uliofuata, 1729, watu wa Mombasa wenyewe wakainuka wakawazingira, na Wareno wakatoka, na safari hiyo hawakurejea tena kutawala. Nimekulia mitaa ya karibu na ile ngome, na miaka hiyo tuliikariri shuleni. Sikujua kwamba wakati huohuo huku walikuwa wakipaka dhahabu kabati za vitabu. Kwangu mimi, hilo limebadilisha namna ninavyolitazama jengo hili. Limekuwa sehemu ya habari zetu pia.

Tuje kwenye ukuta. Ukuta wa nje una unene wa mita 2 na sentimita 11. Mlango ni wa mtiki. Nje leo jua ni kali, nimelowa jasho kwa kupanda kilima, lakini ukivuka kizingiti tu baridi inakupokea. Mle ndani joto hukaa nyuzi 18 hadi 20, na unyevu wa hewa karibu asilimia 60, kiangazi na kipupwe. Jiwe nene huchukua muda mrefu kupata joto na muda mrefu kulipoteza, kwa hiyo mabadiliko ya nje yanafika ndani yamekwisha nguvu. Karatasi na ngozi ya jalada haviogopi baridi wala joto la wastani; vinaogopa kupanda na kushuka, kwa sababu kila mara vinatanuka na kusinyaa, hadi vinapasuka. Kina mama na kina baba wa Lamu na Mji Mkongwe hili hamhitaji kufundishwa. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe, zenye kuta nene na zidaka za kuwekea misahafu na vyombo, zimefanya kazi hiyohiyo karne kwa karne.

Mbao nazo. Kabati ni za mwaloni, mti mgumu ambao mdudu hupata taabu kuutoboa, na inasemekana harufu yake pia huwakera. Lakini mwaloni hautoshi. Kitabu cha zamani ni chakula: gundi ya jalada, ngozi, karatasi iliyotengenezwa kwa matambara. Nondo na vidude vyenye mabawa hutaga, mabuu wanatoboa kurasa kutoka jalada hadi jalada, na ukifungua unakuta mashimo. Humu kuna vitabu karibu 60,000, vingi vya miaka ya 1500 hadi 1700, vya sheria, dini, falsafa na tiba. Vyote vingekuwa vumbi.

Hapo ndipo popo wanapoingia. Mchana wamelala nyuma ya kabati, huwaoni wala huwasikii. Watalii wakishaondoka na milango ikafungwa, wanatoka, wanazunguka kumbi zote tatu gizani wakiwinda wadudu wanaoruka. Lakini popo naye ana haja zake, na meza za humu ni za mbao za thamani kutoka Brazili. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kufunga, wafanyakazi wanatandika shuka za ngozi juu ya meza. Asubuhi wanaziondoa na kupangusa kila kitu kabla ya mgeni wa kwanza kuingia. Kila siku. Kazi hii ya popo haihitaji mashine wala dawa ya kupulizia ambayo ingewadhuru wasomaji na vitabu. Ni mkataba kati ya watu na wanyama, nao umeshikwa na wafanyakazi kizazi baada ya kizazi.

Linganisheni na chuo kikuu cha Yale, Marekani. Kule wana maktaba ya vitabu adimu, Beinecke, iliyofunguliwa 1963, kazi ya msanifu Gordon Bunshaft. Ni nzuri kupita maelezo: haina madirisha, kuta zake ni vipande vya marumaru vilivyokatwa vyembamba mno, kama sentimita 3, jua linapenya jiwe na ndani kunakuwa na mwanga wa rangi ya asali, vitabu vikiwa ndani ya mnara wa kioo. Mwaka 1977 waliingiliwa na mbawakavu wala mbao. Walifanya nini? Walivigandisha vitabu kwa baridi ya nyuzi 36 chini ya sifuri kwa siku tatu. Ilifaa, nami nawaheshimu kwa hilo. Lakini ukikatika umeme, friji ni sanduku tu. Popo hawahitaji umeme, na hili kwa nchi zetu si jambo dogo.

Chini ya kumbi hizi kuna kitu kingine nitakigusa upesi: jela. Chuo kilikuwa na mahakama yake na sheria zake, na kuanzia 1773 hadi 1834 mwanafunzi aliyekosa alifungwa humu chini ya vitabu. Vyumba ni vidogo, vya mawe, na ngazi ya kushukia imejipinda. Nilitoka haraka.

Sasa nawageukia nyinyi, hasa mnaosomea usanifu majengo na ukutubi. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, aliyoizindua Rais Magufuli Novemba 2018, yenye nafasi ya vitabu 800,000. Na chuo hichohicho kinahifadhi hati za mkono za Kiswahili, tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingi zilizokusanywa pwani katika miaka ya 1960. Nyingine ziko SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kilichoko London, katika jengo la zege alilolichora Denys Lasdun, lililofunguliwa 1973. Karatasi hizo zilipita katika joto na chumvi ya bahari, katika makasha ya bibi zetu, zikafika salama kwa sababu kuna aliyezitunza. Ukipewa kazi ya kuchora maktaba Tanga au Lamu, tafadhali usianze na ukuta wa kioo unaopokea jua la saa nane mchana kisha ukatafuta viyoyozi vya kulipooza. Anza na unene wa ukuta, upepo unatoka wapi, mchwa wanapanda wapi, mbao gani ya kwetu wanaikwepa. Mvule upo. Mafundi wa zidaka bado wapo Lamu. Waulizeni wangali hai.

Na wewe mwenye kasha la karatasi za marehemu babu chini ya kitanda, liinue kutoka sakafuni leo, liweke mahali pakavu pasipopigwa na jua, na usifunge karatasi kwa mfuko wa plastiki unaoshika jasho.

Kwa atakayefika huku: kutoka Lisbon panda treni mpaka kituo cha Coimbra-B, kisha jiandae kwa kilima. Tikiti ya maktaba huandikwa saa ya kuingia, na makundi huingia kwa zamu, kwa hiyo usichelewe. Vitabu vyenyewe bado vinasomwa: mtafiti anaomba, vinapelekwa jengo la Maktaba Kuu hapo jirani, anasomea huko. Mlio Dar, nirekodieni maktaba yenu ya Mlimani, ndani na nje, mkiniambia saa saba mchana kuna joto kiasi gani ghorofa ya juu. Nikipata za kutosha, video ijayo itakuwa ya kwenu.