Sindano Shavuni, Mgonjwa Yuko Macho

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo ni maumivu ya neva ya uso. Mtu ananawa uso tu, au anapiga mswaki, ghafla shavu linapigwa shoti ya umeme.

BARAKA: Sekunde chache, pengine hadi dakika mbili, yanakatika. Kisha yanarudi. Wengi hudhani ni jino, dada. Wapo waliong'olewa la kwanza, la pili, la tatu, na maumivu yako palepale. Hilo linaniuma sana, maana meno yale yalikuwa mazima.

ZUHURA: Tatizo liko wapi hasa?

BARAKA: Kwenye neva ya tano ya kichwa. Ina matawi matatu: la paji na jicho, la shavu na taya ya juu, na la taya ya chini. Mara nyingi mshipa wa damu huigandamiza karibu na ubongo, ganda lake likachakaa.

ZUHURA: Na dawa ya kwanza ni kabamazepini.

BARAKA: Ndiyo, huwasaidia wengi. Ila wengine huwapa kizunguzungu na usingizi, au huacha kuwatosha. Kuna upasuaji wa kufungua fuvu na kuutenga ule mshipa. Nafuu yake ndiyo hudumu zaidi, lakini si kila mwili unauhimili. Ndipo tunafika kwenye sindano ya kuunguza nyuzi za neva zinazoleta maumivu.

ZUHURA: Hapo nenda taratibu, kaka, maana ndipo watu wanapoogopa.

BARAKA: Inachomwa shavuni, kama sentimita 2.5 kutoka pembe ya mdomo, inapanda hadi kwenye tundu dogo chini ya fuvu. Daktari anaifuata kwa eksirei au CT, yaani picha za kompyuta, habahatishi. Kwa kuwa hatua hiyo inauma, mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi mfupi, halafu anaamshwa.

ZUHURA: Sindano ikiwa bado ndani?

BARAKA: Bado ndani. Picha inaonyesha mfupa na ncha ya sindano, lakini haisemi ni nyuzi zipi za neva zimefikiwa. Anayejua ni mgonjwa. Daktari anapitisha umeme hafifu, anauliza, "Unasikia wapi?" Akijibu "kidevuni", na maumivu yake huwa ya shavu, ncha inasogezwa kidogo sana, anaulizwa tena. Mpaka aseme, "Hapo hapo!"

ZUHURA: Ndipo wanaziunguza nyuzi hizo.

BARAKA: Wanampa usingizi tena, wanapasha joto kwa mawimbi ya redio, nyuzijoto 60 hadi 80 hivi, kwa dakika moja au zaidi kidogo. Madaktari William Sweet na James Wepsic walieleza njia hii mwaka 1974. Akiamka, wanapima ganzi kwa kumdunga kidogo usoni, na kugusa jicho kwa unyuzi wa pamba.

ZUHURA: Kwa nini jicho?

BARAKA: Tawi la juu likiungua kupita kiasi, kioo cha jicho kinakufa ganzi. Mchanga ukiingia hausikii, na kidonda kinaweza kula uoni wako.

ZUHURA: Basi tuwaambie ukweli wote.

BARAKA: Tuwaambie. Nafuu mara nyingi huja siku hiyohiyo, lakini inakuja na ganzi. Kutafuna kunaweza kulegea upande huo. Kwa wachache, sehemu yenye ganzi yenyewe huanza kuuma, na hayo ni magumu kutibu. Pia maumivu yanaweza kurudi baada ya miaka, sindano hurudiwa.

ZUHURA: Kwa hiyo kabla ya kukubali, muulize daktari: analenga tawi lipi, na jicho langu litalindwaje?

BARAKA: Na uende unajua kuonyesha kwa kidole kimoja maumivu yako yanaanzia wapi. Mezani utaulizwa hilohilo.