Yule Asiyekuja Kliniki: Mhadhara kwa Wauguzi Watafiti, Chake Chake

Assalamu alaykum wanangu. Mapendekezo yenu ya utafiti nimeyasoma yote, na karibu kila moja lina sampuli ya 384, yaani watu 384 wa kuhojiwa kwa niaba ya wengine wote. Miaka yote naisemea nambari hii na bado inarudi, basi leo tuanze nayo.

Inatoka wapi? Uhakika wa asilimia 95, kosa la asilimia 5 juu au chini, na makisio kwamba nusu ya watu wana jambo unalolitafuta. Basi. Na ina sharti: watu wateuliwe kwa nasibu, kila mlengwa awe na nafasi yake. Ukiteua kwanza mashehia, yaani mitaa na vijiji vyetu, kisha nyumba, idadi lazima iongezwe, pengine mara mbili, kwa sababu watu wa shehia moja hufanana.

Lakini linaloniuma zaidi si idadi. Niliwahi kumsimamia muuguzi aliyetaka kujua kwa nini wanawake wanajifungulia nyumbani. Wiki tatu alikaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito na madodoso yake, akatimiza 384. Jibu lililoongoza: nauli. Nikamuuliza, "Mwanangu, hao wanaojifungulia nyumbani umewakuta wapi?" Akanyamaza.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Tulifuatana na mhudumu wa afya wa shehia mpaka kambi ya wachumaji, kule Micheweni. Tukamkuta mama anachambua karafuu, mtoto kamlaza kwenye kanga ubavuni, vidole vimemgeuka rangi kwa makonyo, vile vijiti vya karafuu. Mtoto wa nne, wote kawazaa nyumbani. Nauli? Kaka yake ana gari. Akasema, "Kanga ninayo hii moja. Niende nikalale mbele za watu na hii?" Dodoso letu lilikuwa na majibu manane ya kuchagua. Kanga haikuwemo.

Mnunuzi wa karafuu haridhiki na za juu ya gunia, hutia mkono mpaka chini. Sisi tunaohesabu roho za watu tunaridhikaje?

Mtaniambia muda hakuna, fedha hakuna. Najua, nami nimefanya utafiti kwa mshahara wa muuguzi. Kaa kliniki, sikukatazi. Lakini andika "wanawake wanaohudhuria kliniki", usiandike "wanawake wa Pemba". Maneno hayo hayagharimu hata shilingi.

Na nyinyi wa utafiti wa kimaelezo, mnaosikiliza maelezo ya watu badala ya kuhesabu, msidhani mmesalimika. Kuteua kwa makusudi si kumchukua aliye karibu. Ni kumtafuta anayelijua jambo, kisha kumtafuta atakayekupinga. Mnapenda kuandika "watu 12 wanatosha". Mmeitoa kwenye utafiti uliochapishwa 2006. Huo ulihoji wanawake 60 wa Ghana na Nigeria, na mengi ya waliyoyasema yakaonekana katika mahojiano 12 ya mwanzo, kwa sababu hali zao zilikaribiana. Wewe unamchanganya mkunga wa jadi, mume, mama mkwe na daktari, halafu unasimama kwa 12? Endelea mpaka mahojiano yasilete jipya, na utuoneshe yalikoma kuleta jipya wapi.

Kwa somo la kutathmini sampuli za wengine nilitenga saa nzima, na adhuhuri imeshafika. Shikeni mawili: tazameni wangapi walikataa au hawakupatikana, na kama mwandishi kasema walikuwa watu gani. Asiposema, msiyachukue matokeo yake mkayapeleka wodini.

Jumatatu kila mmoja aniletee ukurasa mmoja: nani hawezi kuingia katika orodha yako, na saa hizi yuko wapi.