Darubini ya Shotigani: Nendeni Dukani na Rula

Walioleta darubini zao za kulengea nawaomba wanyanyue mikono. Vizuri. Sasa ashushe mkono yule ambaye, kabla ya kulipa, alipima kwa rula umbali kutoka jicho lake hadi kioo cha nyuma. Naona mikono karibu yote ingali juu, na ndiyo maana nimerudi kulisema jambo lile lile nililolisema msimu uliopita na ule wa kabla yake.

Umbali huo nauita nafasi ya jicho. Darubini nyingi za raifo hukupa sentimita 8 hadi 10. Shotigani ya geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu, inayorusha slagi, risasi moja nzito, ya gramu 28 hupiga teke kuliko raifo nyingi za kuwindia kulungu. Bunduki inarudi, bega linasukumwa, shingo imeinama mbele kwa sababu umevaa koti nene au unalenga chini kutoka kwenye dungu la juu ya mti, na ukingo wa chuma unakupata kwenye nyusi. Kwa hiyo nataka sentimita 12 kwenda juu. Hapo silegezi, hata kama mfuko ni mwepesi.

Darubini yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu iliandikwa 3-9x40, yaani inakuza mara 3 hadi 9 na kioo cha mbele ni milimita 40, na ilikuwa rahisi. Muuzaji hakuniuliza itakaa juu ya bunduki gani, wala mimi sikumwambia. Siku ya kuisawazisha, risasi ya tatu ilinichana nyusi. Damu niliifuta nikaendelea. Kovu lilipona, woga ukabaki. Tangu siku hiyo, kila nilipogusa triga macho yalifumba kabla ya mlio na mkono ukaivuta bunduki pembeni. Wiki ya pili ya msimu, jua likiwa limeshazama, kulungu jike alisimama mita 60 hivi mbele yangu, ubavu wote wazi. Nilimpiga tumboni. Tulimfuata kwa tochi, tone la damu hapa, jingine hatua thelathini mbele, mpaka saa sita usiku. Hatukumpata. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa sentimita 20 hivi, na kwa umbali ule hata mwanafunzi angelipata. Mimi nililikosa, na mnyama yule akafa polepole mahali nisipopajua. Najua wapo humu wanaoijua habari hii kwa moyo. Nitaendelea kuisimulia.

Kuna atakayesema: mzee, tatizo lilikuwa mshiko wako, siyo darubini. Mshiko mzuri husaidia, sikatai. Lakini mshiko mzuri ni wa uwanjani, umekaa kwenye benchi, mfuko wa mchanga chini ya mtutu. Kulungu hutokea upande usioutazama, nawe unajipinda na kukibandika kitako cha bunduki begani popote kitakapoangukia. Hapo sentimita tatu za ziada ndizo zinazoliokoa jicho lako, na zikiliokoa jicho zinamwokoa mnyama na jeraha la bure.

Mwingine yuko tayari na swali la ukuzaji, namwona pale nyuma. Kwa nini asichukue inayokuza mara 9, na bei ni ile ile? Kwanza, slagi nyingi hupigwa ndani ya mita 100, na kwenye vichaka mara nyingi ni chini ya nusu ya hapo. Ukikuza mara 9 kwa mita 30 unaona manyoya tu, hujui ni bega au paja. Pili, fanyeni hesabu ya mwanga. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa ukuzaji, upate upana wa mwanga unaofika jichoni. Milimita 40 kwa 9 ni kama 4.4. Milimita 32 kwa 4 ni 8. Jua likizama, mboni ya jicho hupanuka hadi milimita 5, na kwa kijana hata 7. Darubini inayokupa 4.4 inalinyima jicho mwanga saa ile ile kulungu wanapotembea. Ya 1-4 au 2-7 inatosha kabisa, na mara nyingi ni nyepesi. Wepesi nao una faida yake, maana kila gramu iliyo juu ya bunduki huvuta skrubu wakati wa teke.

Nimefika kwenye kikalio, kile kipande cha chuma ambacho darubini hufungwa juu yake kwa pete, na hapa ndipo fedha inapaswa kwenda. Kwenye bunduki kama Remington 870 na Mossberg 500 mtutu huchomolewa. Ukifunga darubini kwenye mwili wa bunduki, darubini iko upande mmoja na mtutu upande mwingine, na mtutu ukicheza kidogo tu, slagi inakwenda kwingine. Tafuta mtutu wenye kikalio chake, unaoondoka na kurudi pamoja na darubini. Skrubu zipakwe gundi ya skrubu, ile inayofunguka kwa bisibisi. Anayetaka kubana matumizi abane kwenye kioo, akubali picha yenye ukungu kidogo pembeni, lakini pete na kikalio asivibanie hata kidogo.

Zile darubini ndogo za bunduki za .22, zenye risasi ndogo na teke dogo, msizichukue kwa sababu ya bei. Nyingi hazikuundwa kwa teke hili, na nafasi yake ya jicho ni fupi. Nukta nyekundu, kilengeo kinachokuonyesha nukta tu badala ya msalaba, ni nzuri, ukiwa huzidi mita 70 hivi. Haijali jicho liko umbali gani. Kuhusu msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini kuhama juu ya shabaha ukisogeza kichwa, chagueni darubini iliyorekebishwa kiwandani kwa umbali wa yadi 50 au 75 badala ya 100. Ningependa kulieleza hilo vizuri, ila naonyeshwa saa.

Jaribio la kubofya vile vitufe vya kuusogeza msalaba, basi, kwa haraka. Piga risasi moja, bofya mara 20 kulia, piga, 20 juu, piga, 20 kushoto, piga, 20 chini, piga. Ya mwisho isiporudi kwa ya kwanza, irudisheni dukani wiki hiyo hiyo, msingoje msimu uanze.

Bunduki zilizo mezani nimezikagua mbele ya mwenyekiti, hazina risasi. Rula zipo nne. Njooni wawili wawili: mmoja afumbe macho, anyanyue bunduki kama anavyoinyanyua porini, afumbue, asisogeze shingo. Mwenzake apime. Darubini za kubadilisha ukuzaji zipimwe kwenye namba ya juu kabisa, maana huko ndiko nafasi ya jicho hupungua. Aliyeshusha mkono mwanzoni naye aje.