Gumzo la Jumapili: Mipira Minne ya Bi Mkubwa

HAWA: Leo usianze na salamu zako ndefu, Beka. Nina hasira.

BEKA: Hasira tena? Wiki iliyopita ulikuwa na hasira na jirani wa takataka.

HAWA: Jirani tumepatana. Leo ni mama.

BEKA: Ala! Ngoja nikae vizuri. Wasikilizaji, Bi Mkubwa yuko Hamburg tangu mwezi wa tisa, mnakumbuka kile kipindi cha samaki wa kupaka na king'ora cha moshi. Haya, kafanyaje?

HAWA: Alhamisi asubuhi naamka, naona vioo vya gari vimeganda. Na tairi zangu bado za kiangazi.

BEKA: Huku Tanga tairi ni tairi. Hebu waeleze watu.

HAWA: Hapa Ujerumani sheria haikupi tarehe. Inasema barabara ikiwa na theluji au barafu, uwe na tairi za baridi, zile zenye alama ya mlima na chembe ya theluji ndani yake. Tarehe watu wamejiwekea wenyewe: kuanzia Oktoba mpaka Pasaka. Ukikamatwa bila hizo, euro 60 na pointi moja Flensburg.

BEKA: Flensburg ndiyo wapi?

HAWA: Mji wa huko mpakani na Denmark. Ndiko linakokaa daftari la makosa ya madereva. Zikifika pointi nane, leseni kwaheri.

BEKA: Kumbe Rakibu na Atidi wana tawi Flensburg.

HAWA: Astaghfirullah, Beka. Basi, nikapiga simu gereji ya tairi, wananiambia nafasi ni baada ya wiki tatu. Na hata hivyo sitaki kurudi pale. Mwaka jana kijana alikuja na jeki yake akaisukuma mpaka katikati ya sakafu ya gari, kama vile ni Corolla. Nikapiga ukelele mtaa mzima ukanisikia.

BEKA: Katikati kuna nini?

HAWA: Betri! Beka, gari la umeme kama langu, Tesla Model 3, betri ndiyo sakafu. Imelala bapa kutoka karibu na magurudumu ya mbele mpaka karibu na ya nyuma. Ukiiwekea kichwa cha jeki, unalibebesha sanduku la betri uzito wa gari lenye zaidi ya kilo 1,700. Likibonyea, ndani mna seli na mna njia za maji ya kupoozea. Hiyo si pancha, hiyo ni bei ya gari jingine.

BEKA: Sasa linanyanyuliwa wapi?

HAWA: Sehemu nne tu. Mbili nyuma ya magurudumu ya mbele, mbili mbele ya magurudumu ya nyuma, pembeni kidogo mwa betri. Kila sehemu ina tundu la duara. Basi kuna vipande vya mpira mgumu, duara, vina kichwa cha kuingia kwenye tundu na kipete cha mpira cha kukishika kisianguke. Unachomeka kwa mkono, kinang'ang'ania hapo, halafu jeki inakuja kusukuma mpira badala ya kugusa bodi. Nilinunua vinne kwenye mtandao, euro 25. Nikaviweka kabatini chini ya sinki, pamoja na glavu.

BEKA: Na Alhamisi ukaenda kabatini.

HAWA: Nikaenda kabatini. Glavu zipo. Mipira haipo.

BEKA: Usiniambie.

HAWA: Namuuliza mama, "Mama, umeona vidude vyangu vyeusi, kama vitumbua vilivyoungua?" Akaniambia, "Vile? Si nimevitia kazini." Akanionyesha. Chini ya mashine ya kufulia. Kila mguu na kitumbua chake.

BEKA: [anacheka] Lo! Lo! Mungu ampe umri mrefu.

HAWA: Usicheke! Unajua ile mashine ilivyokuwa inatembea ikikausha. Ilikuwa inafika mlangoni. Mama anasema alikuwa anaamka alfajiri anadhani watu wanavunja nyumba.

BEKA: Na sasa?

HAWA: Sasa... imetulia.

BEKA: Imetulia vipi?

HAWA: Imetulia kabisa. Kama haipo.

BEKA: Basi kipindi kimekwisha, Bi Mkubwa kashinda.

HAWA: Sikiliza. Nikamwambia mama, hivi ni vya gari. Akasema, "Gari linanyanyuliwa mara ngapi kwa mwaka?" Nikasema mara mbili. "Na nguo tunafua mara ngapi?"

BEKA: Huyo angekuwa hakimu.

HAWA: Halafu akaongeza, "Kwanza wewe mwenyewe hukujua kazi yake, umeviweka na sabuni."

BEKA: Ngoja, mimi nataka kujua alivichomeka vipi. Mashine ya kufulia si nyepesi, ina zege ndani.

HAWA: Alimwita yule jirani wa takataka.

BEKA: Aaa! Kumbe ndiyo maana mmepatana!

HAWA: Wamepatana wao. Hawana lugha hata moja ya pamoja. Mzee wa watu kanyanyua mashine, mama kasukuma mpira kwa mguu, upande mmoja kwanza, kisha wa pili. Wakamaliza akampa kaimati.

BEKA: Kwa hiyo mama yako amefanya kazi ya kunyanyua kitu kizito akaweka mpira kila pembe, bila ajali, na wewe mwenye gari bado umesimama na glavu.

HAWA: Beka.

BEKA: Nasema tu. Haya, sasa turudi kwenye gari, maana mimi nina neno. Dada'angu, huhitaji ile mipira. Muachie mama. Tafuta kigogo.

HAWA: Nilijua utasema kigogo.

BEKA: Marehemu baba alikuwa na kipande cha mtiki, mtiki wa Longuza hasa, kimenyanyua magari Barabara ya Kumi na Mbili tangu mimi sijaanza shule. Kati ya jeki na gari anaweka kigogo. Chuma hakimgusi chuma, rangi haitoki, jeki haitelezi. Leo mtu anamuuzia Hawa raba nne kwa euro 25, anaiita teknolojia.

HAWA: Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa ananyanyua chesisi. Chuma kinene. Au ule ukingo wa bodi. Hapa pa kukanyaga ni padogo kama mdomo wa kikombe cha kahawa, na ubavuni mwake ni betri. Ubao bapa hauwezi kujua wapi pa kugusa na wapi pa kuacha.

BEKA: Ubao haujui, ila mimi najua. Naukata saizi ya hapo.

HAWA: Sawa, umeukata. Jeki ya magurudumu ikipanda, mkono wake haupandi wima, unakwenda kwa upinde. Kwa hiyo jeki yenyewe lazima ijongee kidogo chini ya gari. Ikikwama kwenye mchanga au kwenye ufa wa sakafu, nini kinajongea? Ubao. Unatambaa kuelekea kwenye betri. Mpira hautambai kwa sababu kichwa chake kiko ndani ya tundu.

BEKA: Basi nami nachonga kichwa. Kigogo chenye kichwa. Fundi seremala yeyote wa Ngamiani anakutolea kwa dakika kumi.

HAWA: Mbao inapasuka kufuata nyuzi zake, Beka! Upande mmoja wa gari ukiwa juu, hapo una karibu nusu ya uzito wote. Kichwa kikikatika?

BEKA: Kikikatika kichwa, bado kigogo kipo chini. Kichwa si cha kubeba, ni cha kushika mahali. Hata cha mpira wako ni hivyo hivyo. Na nikuulize: mpira wako nani kaupima? Umekuja kwa posta, hauna hata jina la kiwanda. Mimi mtiki wangu naujua, nimeuona ulipokatwa. Wewe unalaza tani yako juu ya kitu usichojua kimechanganywa na nini.

HAWA: Umeandikwa uzito unaobeba.

BEKA: Hata kile kigoda cha plastiki nilichonunua sokoni kimeandikwa kinabeba kilo mia. Nilikaa mara moja.

HAWA: [anacheka] Hiyo si hoja.

BEKA: Ndiyo hoja yenyewe.

HAWA: Mimi siweki kigogo chini ya gari langu. Basi.

BEKA: Na mimi sitoi euro 25 kununua raba. Basi.

HAWA: Basi.

BEKA: ...Umenuna?

HAWA: Sijanuna. Nawaza stendi.

BEKA: Stendi gani tena?

HAWA: Hapo ndipo penye utata hasa, na kigogo chako hakiutatui, na mpira wangu hautatui. Jeki si ya kuachia gari, lazima uweke stendi, ile miguu ya chuma ya kushikilia gari likiwa juu. Lakini jeki imekaa mahali pekee panaporuhusiwa upande ule. Stendi utaiweka wapi?

BEKA: Hapo umenena. Corolla ungeweka chini ya ekseli ukamaliza.

HAWA: Wengine wananyanyua kwa tundu la nyuma. Bodi ni ngumu, haipindi, kwa hiyo na mbele kunapanda. Wanaingiza stendi kwenye tundu la mbele, lenye mpira wake pia.

BEKA: Kwa hiyo mipira miwili kila upande.

HAWA: Angalau miwili.

BEKA: Basi mwambie Bi Mkubwa akugawie nusu. Mashine isimame miguu miwili.

HAWA: Nimemwambia hivyo hivyo! Akasema mashine si ya kusimama kama korongo.

BEKA: Huyu tumwalike kipindi kijacho. Wallahi, watu watamsikiliza yeye kuliko sisi.

HAWA: Yuko hapo nje ya mlango, anasikiliza. Anajua tunamsema. Mama! Unasema? ... Anasema umsalimie mkeo, na kigogo ni kizuri ila kwa kupigia kisamvu.

BEKA: [anacheka] Nimepigwa! Marahaba... aa, shikamoo, Bi Mkubwa! Shikamoo!

HAWA: Kasema marahaba. Sasa Beka, mimi nilikuwa nimeandika mambo matano ya kuwafunza watu. Nina karatasi hapa. Tumebakiza dakika ngapi?

BEKA: Mbili. Na mimi nina matangazo ya harusi ya mpwa wangu.

HAWA: Haya, haraka haraka. Moja, usinyanyue gari la umeme likiwa limechomekwa waya wa chaji, hata kama halichaji. Mbili, sakafu iwe ngumu na tambarare, si kwenye nyasi. Tatu, magari yenye springi za hewa, kama Model S, kuna mahali kwenye skrini pa kuliambia linanyanyuliwa, maana lisipoambiwa linaweza kujirekebisha kimo lenyewe...

BEKA: Linajirekebisha likiwa juu ya jeki?

HAWA: Ndiyo, linadhani...

BEKA: Linadhani limeota mbawa!

HAWA: Niache nimalize. Nne ni nati za gurudumu, kwa gari kama langu zikazwe nyutoni mita 175, ndicho kipimo cha kukaza, kwa ile spana inayolia "tak", si kwa kurukia spana kwa miguu kama...

BEKA: Kama nani? Malizia.

HAWA: Kama watu fulani wa Barabara ya Kumi na Mbili.

BEKA: Baba hakuwahi kuangusha gurudumu hata moja, dada'angu. Hata moja. Hili tunalirudia.

HAWA: Tunalirudia. Na la tano...

BEKA: Muda. La tano litakaa kwenye karatasi. Jamani, harusi ni Jumamosi ijayo, Chumbageni, wanaume alasiri, akina mama usiku, msije na mifuko ya kubebea pilau. Hawa, gari sasa liko wapi?

HAWA: Limesimama nje, tairi za kiangazi, nakwenda kazini na treni. Nimeagiza mipira mingine minne, inafika Jumanne.

BEKA: Euro 25 nyingine.

HAWA: Bei imepanda. 29.

BEKA: Kigogo bure. Nasema tu. Hebu subiri, Hawa, hapo kwako kuna nini? Mbona kila wiki tukirekodi saa hizi kunakuwa na kelele, leo kimya?

HAWA: Ameiwasha.

BEKA: Kaiwasha nini?

HAWA: Mashine. Inakausha sasa hivi, nyuma yangu hapa.