Kifaranga Aliyeziba: mhadhara kwa wafugaji wa Pongwe, Tanga

Assalaam aleikum, mama zangu, baba zangu na vijana mliofika. Nilikuwa nimeandaa pa kuanzia, lakini huyu binti hapa mbele amekuja na boksi la viatu, na ndani mna vifaranga wawili wa siku nne ambao hawako sawa. Basi tuanze nao. Niliyoyaandika yatasubiri.

Niletee mmoja, mwanangu. Huyo anayesinzia.

Tazameni. Macho nusu yamefumba, mabawa yameshuka, manyoya yamesimama, na analia kile kilio chembamba kisichokatika. Nikimgeuza, hapa chini ya mkia pana bonge gumu lililoshikana na vinyoya vyake. Kinyesi kilitoka, kikaganda, kingine kikaja juu yake, mpaka kinyeo kimefunikwa chote. Ndiyo tunaita kifaranga kaziba. Akiachwa hivyo siku moja au mbili, hafi kwa njaa. Hufa kwa kujaa.

Naomba maji ya vuguvugu kwenye bakuli, na kitambaa laini. Yakiwa njiani, niseme neno lililonitoa nyumbani asubuhi hii. Ukiona kifaranga wa wiki ya kwanza ameziba, usikimbilie chupa ya dawa. Nenda kwanza kapapase pale anapolala. Mara nyingi tumbo lake limeharibiwa na baridi, au joto lililozidi, au kiu, au uchovu wa safari. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliuziwa antibayotiki dukani bila kuulizwa vifaranga wana siku ngapi wala wanalala wapi. Niliwanywesha wote. Waliendelea kuziba na waliendelea kufa, kwa sababu taa yangu ilikuwa imening'inizwa juu mno na maji yao yalikuwa ya baridi. Dawa haipandishi joto la banda.

Yai la kuku huatamiwa siku 21. Karibu na mwisho, kiini kilichobaki huvutwa ndani ya tumbo la kifaranga kupitia kitovu, nacho ndicho akiba yake ya siku mbili tatu za mwanzo. Ndiyo maana vifaranga wanaweza kupakiwa kwenye basi Dar es Salaam wakaja mpaka Tanga, kilomita 350 hivi kwa njia ya Chalinze na Segera, bila punje wala tone la maji, na wakafika hai. Lakini wanafika wamekauka. Mfugaji naye, kwa huruma, anawamwagia chakula kabla ya maji. Chakula kikavu ndani ya tumbo lililokauka huwa kama udongo wa kufinyangia. Wapeni maji kwanza, saa moja au mbili, ndipo mlete chakula. Kwa waliotoka safari, kijiko kimoja kikubwa cha sukari katika lita ya maji kinawatia nguvu saa zile za mwanzo. Chumvi msitie kwa kukisia, kifaranga hudhurika nayo upesi.

Tunasema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Ni kweli, kuchakura hafunzwi. Lakini aliyetotolewa na mashine hana mama wa kumwonyesha maji yalipo. Mshike, chovya ncha ya mdomo wake, mwachie anyanyue kichwa ameze mwenyewe. Mmoja mmoja, wote. Ni kazi ya nusu saa na huokoa wengi.

Maji yamekuja. Ahsante, baba.

Sasa angalieni mkono wangu. Silivuti hili bonge. Naliwekea kitambaa kilicholowa na ninasubiri. Nalowesha tena. Ukivuta kavu unang'oa vinyoya na ngozi pamoja, na ngozi yake ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Tusubiri dakika chache, lilainike lenyewe.

Na hapa nasema jambo linaloniuma hadi leo. Kifaranga ana sehemu mbili za kutazamwa huku chini. Kinyeo kiko nyuma kabisa, chini ya mkia. Kitovu kiko mbele yake, tumboni. Kwenye kitovu huweza kubaki kigaga kidogo cheusi au kiuzi kikavu. Mimi nilidhani ni kinyesi. Nilikivuta. Nilifanya hivyo kwa vifaranga wanne jioni moja nikijiona nasafisha, na wote wanne walikufa. Kile ni kidonda cha kuzaliwa kinachofunga, kiacheni kikauke na kudondoka chenyewe. Mkiona kitovu kimevimba, kina unyevu na kinanuka, hapo uchafu umeshaingia. Mtengeni huyo na mwiteni ofisa mifugo wa kata.

Naam, mama mwenye leso nyekundu? Anauliza kuhusu kinyesi cha kahawia kinachonata kama ugoro uliolowa, kama nacho ni ugonjwa. Hapana, mama. Kuku ana vifuko viwili mwishoni mwa utumbo, na kila baada ya vinyesi kadhaa humwaga vilivyomo. Hutoka laini, kahawia, na harufu yake ni kali. Na ile kofia nyeupe juu ya kinyesi cha kawaida ni mkojo wake, maana ndege hakojoi kando. Watu wengi wamemwaga pesa dukani kutibu afya njema. Kinachotakiwa kukushtua ni maji matupu, povu, damu, au weupe mtupu kama chokaa.

Limelainika, mnaona? Linaachia lenyewe. Nafuta taratibu kuelekea nje, na hapo nyuma kinyeo kimefunguka. Na huyo ametoa! Ndiyo dalili niliyokuwa naitaka. Sasa namkausha kabisa kwa kitambaa kingine, kwa sababu kifaranga mbichi akirudishwa kwenye ubaridi tumeokoa nyuma tukaua mwili. Kisha tone la mafuta ya nazi, la kupaka kwa ncha ya kidole, kinyesi kingine kisigande. Tone tu, asije akaloa mafuta. Mtamtazama tena asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, maana hurudia. Na mkimaliza nawini kwa sabuni, na watoto wasiwabusu vifaranga. Vijidudu vya salmonela hukaa kwa kifaranga anayeonekana mzima, na huharisha watu.

Sasa joto. Wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 pale alipo, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Sisi watu wa Tanga hudanganywa na jua letu. Mchana tunatoka jasho, tunadhani na kifaranga ametosheka. Lakini usiku wa Julai, kusi ikivuma, joto hushuka hadi karibu nyuzi 20, na yeye bado hana manyoya ya kujifunika. Huna kipimajoto? Vifaranga wenyewe watakwambia. Wakirundikana chini ya taa wakipiga kelele, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni, midomo wazi na mabawa yametanuliwa, umewachoma, na joto hilo nalo huwazibisha. Wakitawanyika kama shanga zilizokatikiwa uzi, wengine wakila na wengine wakilala, acha hivyo hivyo. Wanaotumia mkaa kwenye chungu, acheni pa kupumulia juu ya banda. Moshi wa mkaa usioonekana huua vifaranga, na huua mtu aliyelala nao chumba kimoja.

Mwenye kuku aliyeatamia mwenyewe na kumfunika kwa tenga, kuku wako anakufanyia yote haya. Wewe mpe maji safi tu.

Kuhusu chakula nitasema kifupi: mpeni cha vifaranga, ile stata ya dukani. Unga wa sembe mkavu hunata mdomoni na nyuma, na haumjengi mwili. Na machicha ya nazi, jamani. Najua kila nyumba hapa ikikuna nazi machicha huenda kwa kuku. Kuku mkubwa sawa, yakiwa ya muda ule ule. Kwa kifaranga msimpe, na yaliyolala yakachacha msimpe yeyote. Jioni papaseni kile kifuko cha chakula chini ya shingo: kiwe kimejaa na laini. Asubuhi kiwe kimepungua. Kikibaki kigumu kama kokoto, pengine amekula randa za mbao za kutandikia badala ya chakula, kwa hiyo siku za mwanzo tandikeni gunia safi juu ya randa.

Mzee pale ameuliza damu. Hapo, mzee wangu, sizungumzi tena taa na maji. Kifaranga wa wiki tatu hivi na kuendelea akitoa damu, amejikunyata, mara nyingi ni koksidia, vijidudu vinavyotafuna ukuta wa utumbo. Mayai ya vijidudu hivyo hutoka na kinyesi, na yakipata joto na unyevu hukomaa kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana masika ya Tanga, Aprili na Mei, ndiyo msimu wake. Dawa za kawaida za kuoshea banda haziyaui mayai hayo. Kinachoyashinda ni ukavu, na kutoa matandiko yaliyolowa kila siku. Dawa ya kunywesha inayotumika sana ni amproliamu. Hiyo hufanya kazi kwa kujifanya vitamini B1, kijidudu kinaimeza badala ya vitamini na kinadhoofika. Sasa mtu anampa kifaranga amproliamu asubuhi, na mchana vitamini za B amtie nguvu. Amekilisha kijidudu. Vitamini zisubiri dozi iishe, na kipimo fuateni kilichoandikwa kwenye pakiti.

Na wakiharisha weupe wengi kwa pamoja, wanakufa kila siku tangu wiki ya kwanza, huenda ugonjwa ulitoka kwa mama ndani ya yai. Kuosha nyuma hakutawatibu. Pelekeni mizoga kwa ofisa mifugo ipimwe, na watakaopona msiwafanye mbegu, kwa kuwa watarithisha. Chuo cha mifugo cha Buhuri kiko hapa hapa jijini, hatuna sababu ya kubahatisha.

Huyu wetu amefumbua macho. Mnamwona anavyochokora kidole changu? Nampa maji, tone pembeni ya mdomo, simmiminii kooni, maana tundu la pumzi liko pale pale nyuma ya ulimi. Amemeza. Tena. Mwanangu, chukua chupa ile ya maji ya moto, izungushie kanga, iweke upande mmoja wa boksi ili akizidiwa na joto aweze kusogea.

Haya, nipe yule wa pili.