Maji Moto wa Uani

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja na jua hili. Kaskazi inakatika, masika hayajaingia, na ikifika saa nane mchana hata kunguru wananyamaza. Wasiopumzika ni maji moto, chungu wale wanaojenga nyumba za majani mitini, na mimi nimekuja kuwatetea.

Wengi mnawajua kwa maumivu tu. Anang'ata, kisha anamwagia tindikali pale pale alipong'ata. Jina amelipata hapo. Lakini jana nilitandika mkeka uani, karibu na tawi la chini la mwembe, nikakaa toka saa mbili asubuhi hadi saa tano nikiwatazama wakijenga.

Kwanza walijipanga ukingoni mwa jani, wakalivuta kuelekea la pili. Pengo lilipokuwa kubwa, mmoja alimshika mwenziwe kiunoni, naye akashikwa na mwingine, mpaka ikawa kamba ya chungu hai inayovuta. Majani yalipokutana, wakaja wengine, kila mmoja na buu, yaani mtoto wao mchanga, mdomoni. Chungu mzima hatoi uzi. Buu ndiye mwenye hariri, na mkubwa wake humpeleka huku na huku, jani hili na lile, kama fundi anavyopitisha sindano. Hariri hiyo buu angejifumia kifuko chake mwenyewe. Badala yake inaishia kwenye ukuta wa wote. Nimetazama jambo hili miaka mingi, na kila mara nashusha pumzi.

Sasa tuje kwenye minazi, maana hapa Unguja ndipo habari yenyewe ilipo. Mnaokota vidaka, nazi changa, vimeanguka kabla ya kufika kitale, mnasema ni jua. Mara nyingine ni jua kweli. Lakini yupo mdudu anayefyonza kidaka kikiwa kichanga. Miaka ya 1950 mtaalamu Mwingereza, Michael Way, aliwachunguza maji moto hapa hapa Unguja: mnazi wenye maji moto wengi, mdudu yule hapati nafasi. Baadaye mdudu mwenyewe akaitwa kwa jina la mtaalamu huyo, Pseudotheraptus wayi. Huko Tanzania Bara pia maji moto wamefanyiwa utafiti kwenye mikorosho, dhidi ya wadudu wanaofyonza machipukizi.

Basi mtu anapowasha kuti kavu kuchoma nyumba zao, anamfukuza mlinzi wake. Adui wao mkubwa, chungu mdogo mwenye kichwa kikubwa anayeishi ardhini, anatosha kuwasumbua, tusimsaidie.

Twendeni nje sasa. Mwembe ule wa pili una nyumba tatu. Yenye majani makavu huenda wameshaihama. Iangalieni ile yenye majani mabichi, upande wa jua linakotoka. Msiguse tawi, na watoto wakae nyuma kidogo. Anayetaka kuona mabuu asogee taratibu, atazame pale majani mawili yanapokutana.